Mguu Uliokataa Kuzama

Kinyozi aliokoka akiwa amelala chali katika wodi ya wanaume, mguu wake wa kulia umeegeshwa juu ya mito, na hakukuwa na mhubiri hata mmoja karibu. Nadhani ndilo lililowauma wahubiri wote waliomjia baadaye.

Alikuwa amepanda juu ya kigoda kupangusa kile kioo kikubwa cha chumba chake cha kunyolea. Kigoda kikateleza, akaenda chini kama gunia, mfupa wa muundi ukavunjika. Hospitali waliunyoosha ule mguu huku yeye akiita watu ambao walishakufa zamani, kisha wakaufunga plasta nzito, nyeupe, kuanzia gotini hadi kwenye vidole. Daktari akamwambia neno moja tu kabla ya kuondoka: maji yasiguse hapa.

Mkewe, mshonaji wa nguo, alikuwa amemwombea tangu siku ya harusi. Kila Jumapili alimwita kanisani, na kila Jumapili Kinyozi alikuwa na jibu lile lile, kwamba siku hiyo ndiyo watu huja kunyolewa, na vichwa vyao havinyolewi na malaika. Lakini mchana ule wodini, maumivu yalipopungua kidogo, alitazama dari lililobambuka rangi, akasema kwa sauti ya chini, "Mungu wa mke wangu, mimi nimechoka kukukimbia. Na sasa hata nikitaka, siwezi kukimbia." Akacheka peke yake. Halafu akalia. Halafu kukamjia utulivu ambao hakuwahi kuuonja, akalala usingizi kama mtoto aliyeshiba.

Mkewe alipofika na chupa ya chai akamkuta anatabasamu, alidhani ni dawa. Alipoelezwa, alipiga kigelegele hadi muuguzi akaja mbio akidhani kuna aliyejifungua katika wodi ya wanaume.

Furaha hiyo haikumaliza juma.

Kinyozi alikuwa na mdogo wake, fundi wa magodoro na makochi, ambaye mtaa mzima ulimwita Godoro. Na kusema kweli jina lilimkaa, maana alikuwa mnene, laini, na ukimgonga anarudi pale pale. Godoro alikuwa shemasi katika kanisa linalobatiza kwa kuzamisha watu kisimani. Kaka yake aliporudishwa nyumbani, alimletea godoro jipya begani, akalitua sebuleni, akamkumbatia kaka yake mpaka mbavu zikalia.

"Kaka! Bwana asifiwe! Sasa tunakuzamisha lini?"

Cherehani ya mkewe Kinyozi, iliyokuwa ikinguruma pale dirishani, ikanyamaza.

"Azamishwe nani?" aliuliza mshonaji, pini zikiwa bado midomoni.

"Shemeji, mtu akishaamini anabatizwa."

"Najua. Mchungaji wetu atakuja hapa hapa, na bakuli na kitambaa safi. Atamnyunyizia maji kichwani, tutaimba, tutakunywa chai. Mgonjwa hahitaji kutoka."

"Kumnyunyizia!" Godoro alishika kiuno. "Shemeji, kwani kaka yangu ni mchicha?"

"Na kwani ni shati, umloweke?"

Kinyozi, mguu juu ya stuli, aliwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetazama mpira. Mwanzoni alifurahi. Hakuna aliyewahi kumgombania namna ile tangu azaliwe. Lakini Godoro alipokuwa akiaga, aliinama akamnong'oneza, na uso wake ulikuwa hauna mzaha tena.

"Kaka, nakuambia kwa sababu nakupenda. Aliyeamini bila kuzama bado yuko mlangoni. Je, ukiondoka duniani kabla?"

Akaondoka. Kinyozi akabaki ameshika kifua, akisikiliza moyo wake kama mtu anayesikiliza injini ya gari bovu.

Siku iliyofuata alimwita mkwe wake, mume wa binti yao wa pekee, mwalimu wa hesabu, kijana mpole aliyesali na kikundi kidogo katika ukumbi wa kukodi. Huyo alikuwa na msimamo wa tatu. Aliketi ukingoni mwa kiti, kama wakwe wanavyoketi, akasema kwa adabu kwamba Baba asihangaike, wokovu ni kwa imani tu, na Baba ameshaokoka tangu wodini. Maji yanaweza kuja au yasije.

Godoro, aliyekuwa amepita "kusalimu tu" kama alivyopita kila siku, aliruka.

"Yasije vipi?"

"Baba mdogo, kwa heshima zote, yule mwizi pale msalabani alibatizwa saa ngapi?"

"Yule alikuwa amepigiliwa misumari! Kaka ana plasta tu!"

"Na wewe mkwe wangu," mama mkwe aliingilia kati, kwa mara ya kwanza akiwa upande mmoja na shemeji yake, "kwa hiyo hayo maji hayana kazi?"

"Yana kazi, Mama. Ni alama. Ni kama pete ya ndoa. Pete peke yake haimwoi mtu."

"Ahaa. Basi nitamwambia binti yangu avue ya kwake, tuone utalala wapi."

Mwalimu wa hesabu alinywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja na kuunguza ulimi.

Mambo yakahamia kwenye chumba cha kunyolea. Kinyozi hakuweza kukaa bila kazi, hivyo alinyoa akiwa ameketi juu ya kiti kirefu, mguu umenyooshwa pembeni, na wateja waliuruka wakipita. Kila aliyeingia alikuwa na neno. Muuza viatu alisema babu yake alibatizwa mtoni wakati wa baridi akapata nimonia, kwa hiyo yeye yuko upande wa bakuli. Dereva wa lori alisema hata gari huwezi kuliosha kwa kunyunyizia, yeye yuko upande wa kisima. Fundi mpaka rangi, ambaye hakuwa anasali popote, aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Na akizamishwa mwili mzima, mguu ukabaki nje kwa sababu ya plasta, huo mguu unahesabika vipi? Mtu aingie peponi akichechemea?"

Kinyozi alicheka na wenzake, lakini swali lilimganda. Godoro alipopita kusalimu tu, alimuuliza. Godoro alikuna kidevu, akaenda kwa Mchungaji wake, akarudi akitweta.

"Mchungaji anasema ni mwili wote. Hata unywele mmoja usibaki nje."

Kinyozi alijipapasa upara wake. "Kwa upande wa unywele hatuna tatizo."

"Basi tushughulikie mguu. Kaka, mimi nina karatasi za nailoni za kufungia magodoro. Nina gundi. Nina utepe mpana. Maji hayataingia hata yakilipwa."

"Si usubiri plasta itoke?" alisema mkewe. "Kuna haraka gani?"

Haraka ilikuwepo. Maji ya bomba katika mji ule yalikuja kwa mgao, na kisima cha ubatizo cha kanisa la Godoro kilijazwa mara chache sana. Jumapili iliyokuwa inakuja kingejazwa. Baada ya hapo, nani ajuaye.

Kinyozi aliwaomba wote watoke, abaki na mkewe. Alikuwa na jambo zito la kusema na hakujua alianzie wapi. Alichukua ile chupa yake ya kunyunyizia maji kwenye vichwa vya wateja, akaizungusha mkononi.

"Mke wangu, mimi maji ya kunyunyiza nimeyafanyia kazi maisha yangu yote. Kila siku namnyunyizia mtu. Sijaona aliyetoka hapa mtakatifu."

"Si maji yale yale, unajua hilo."

"Najua. Sisemi ubatizo wako ni bure. Wewe ndiye uliyeniombea. Kama wewe hujaokoka, basi hakuna aliyeokoka katika mtaa huu. Ila mimi ni mtu mkaidi. Nataka kuzama nisikie mwenyewe kwamba nimezama."

Mkewe alikunja kitambaa alichokuwa akikishona, akakikunjua, akakikunja tena. Kilichomuuma hakikuwa maji. Miaka yote hiyo alikuwa amejipigia picha kichwani: mumewe mbele ya madhabahu yake, Mchungaji wake, kwaya yake, na yeye amevaa lile gauni la bluu alilolishona kwa ajili ya siku hiyo na kulipanua kiuno mara kadhaa siku hiyo ilivyokuwa ikichelewa. Sasa Godoro anamnyang'anya mlango ukiwa umeshafunguka.

"Nenda," alisema. "Lakini mimi sitakanyaga kule."

Mkwe naye alijaribu kwa mara ya mwisho. "Baba, huhitaji kufanya hivi."

"Mwanangu, hesabu zako nazikubali," Kinyozi alijibu. "Naamini Mungu alinipokea palepale kitandani. Lakini kama ninampenda, na yeye amesema niingie majini, kwa nini nikae nchi kavu nabishana naye?"

Mwalimu akasema atakuja kusaidia kumbeba.

Jumapili ile Godoro alifika asubuhi na mzigo wa nailoni. Aliuzungushia mguu karatasi moja, juu yake nyingine, gundi, utepe, karatasi tena, utepe tena, kwa ufundi ule ule anaofungia makochi ya harusi. Alipomaliza, mguu ulikuwa mnene kama mto wa kitandani na uling'aa. Akaupiga kofi. "Hata hewa haipiti!" Alisema kweli. Na hapo ndipo balaa lilipojificha, maana hewa iliyokuwa ndani nayo haikuweza kutoka.

Walimbeba kwa kiti hadi kanisani. Kisima kilikuwa chini ya jukwaa, kimejengwa kwa vigae vya samawati, na siku hiyo mbao za jukwaa zilikuwa zimeondolewa. Mchungaji, jitu la miraba minne lililowahi kuwa mpakiaji wa mizigo, alikuwa tayari ndani, maji kifuani. Kanisa lilijaa. Wateja wa Kinyozi walikuja wote, wa bakuli kwa wa kisima, hata mpaka rangi alikuwepo, amesimama karibu na mlango kwa tahadhari. Na katika benchi la nyuma kabisa, kwenye kona, alikuwa ameketi mwanamke aliyevaa gauni la bluu na kujifunika mtandio hadi puani.

Kinyozi alimwona. Alimtambua hata kwa namna alivyoshika mkoba. Moyo wake ukajaa, akasahau hofu yote.

Wakamteremsha. Mchungaji akamshika mgongoni na kifuani. "Unaamini kwa moyo wako wote?"

"Naamini."

Mchungaji akatamka maneno ya ubatizo na kumlaza majini. Kichwa kikazama. Mabega yakazama. Mguu ukaibuka.

Uliibuka juu wima, mweupe, unang'aa, maji yakichuruzika, kama mtu aliyenyoosha mkono kuomba kusema. Kanisa likaguna. Mchungaji akamwinua Kinyozi, akapumua, akaanza upya. Safari hii alianza na mguu: akaukandamiza kwa mkono mmoja, ukazama. Kichwa kikachomoza upande wa pili, Kinyozi akitema maji.

"Shemasi!" Mchungaji aliita.

Godoro akaruka na suti yake. Maji yalipanda yakamwagikia kwaya. Akaukumbatia ule mguu kwa mikono yote miwili, lakini nailoni yake mwenyewe ilikuwa imelowa na kuteleza kama kambare, na kila alipoushika ulichomoka ukampiga kidevuni. Mkwe, aliyesema maji yanaweza yasije, alijikuta amelala kifudifudi ukingoni akisukuma kidole gumba cha baba mkwe wake kwa rula ya hesabu aliyoisahau mfukoni.

Kicheko kilianzia kwa dereva wa lori. Kilipoanza hakikuzuilika. Hata Kinyozi, maji puani, alikuwa akicheka mpaka Mchungaji akashindwa kumshika sawasawa.

"Jamani, mtamuua mume wangu!"

Sauti hiyo ilitoka nyuma. Mshonaji alikuja katikati ya kanisa kwa hatua za mtu anayekwenda kuamua ugomvi wa watoto, akavua viatu, akampa mpaka rangi mkoba amshikie, akashuka ngazi za kisima na gauni lake la bluu. Lilitanda majini kama mwavuli. Akamtoa Godoro kwa kiwiko, akatoa pini kutoka kwenye ukosi wake, na mshonaji hakosi pini popote aendapo, akaichoma ile nailoni.

*Pssss.*

Hewa ikatoka. Mguu ukashuka taratibu kama mtu aliyekubali yaishe. Mshonaji akaushikilia chini kwa mikono miwili; maji yakamfika kidevuni; akateleza kwenye kigae; na sekunde ile ile Mchungaji alipomlaza Kinyozi kwa mara ya tatu, mke na mume walizama pamoja.

Chini kule Kinyozi alifumbua macho. Hakukuwa na kelele. Hakukuwa na Godoro, wala mwizi wa msalabani, wala mchicha. Kulikuwa na ubluu wa vigae, ubluu wa gauni, na uso wa mkewe umevimba mashavu kwa kubana pumzi, unamtazama. Alisema baadaye kwamba ule utulivu wa wodini ulimkuta tena mle, isipokuwa safari hii hakuwa peke yake.

Walipoibuka, kanisa lilikuwa limesimama linaimba na kucheka kwa pamoja, na hukuweza kujua kipi ni kipi.

"Shemeji!" Godoro alipaza sauti, maji yakimtoka masikioni. "Shemeji umebatizwa!"

"Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga," alisema mshonaji, akikamua mtandio. "Hapa nimeoga."

Bila shaka plasta ililowa. Tundu la pini lilitoa hewa, kisha likaingiza maji, na mchana walikuwa hospitali, familia nzima, nguo zimewaganda mwilini. Fundi wa plasta, mzee mwenye miwani minene, aliibonyeza ile plasta, kidole kikaingia kama kwenye unga uliokandwa.

"Baba, uliambiwa nini kuhusu maji?"

"Nilikuwa nabatizwa."

Yule mzee akavua miwani. "Wamekuzamisha mara ngapi? Maana sisi kwetu ni mara tatu, kwa utatu, na uso ukitazama mbele, si chali, kwa sababu..."

"Kata plasta, baba," alisema mshonaji.

Mfupa, kwa rehema, haukuwa umesogea. Alifungwa plasta mpya na kuambiwa asitoke nyumbani, si kwa dini wala kwa siasa.

Ukidhani ugomvi ulikwisha, bado hujawafahamu watu hawa. Ulibadilisha mkao tu. Wazee wa kanisa la mshonaji walimwita kumuuliza kama amehama; akawajibu kwamba mtu akiokoa nguo iliyodondokea kwenye kisima cha jirani, hajahamia kwa jirani. Mchungaji wake alicheka, akamwandalia Kinyozi kiti cha mbele, na Kinyozi akakubali, maana alitaka kuketi karibu na mkewe Jumapili zote zilizobaki maishani. Hapo ndipo Godoro aliponuna. Amzamishe yeye, wamvune wengine! Akaacha kupita kusalimu. Chumba cha kunyolea kikawa kimya kiasi cha kusikia mkasi.

Lakini ndevu hazijui kununa. Zilipomfika Godoro shingoni, alikuja. Akaketi. Kinyozi akamlazia kiti nyuma, akampaka povu hadi puani, akanoa wembe, akauweka taratibu chini ya kidevu.

"Sasa nisikilize, na usitikisike," alisema. "Najua unadhani nimekukimbia. Sijakukimbia. Wewe ulinibeba kwa kiti. Uliharibu suti yako kwa ajili ya mguu wangu. Kama maji ni lazima au si lazima, nimewasikiliza wewe, na mke wangu, na mwalimu, na nyote mmesoma kuliko mimi, na bado sijui. Ninachojua, Mungu alinipata kitandani, na majini nilifurahi. Hilo la majini ni wewe umenipa. Sitalisahau. Haya."

Godoro alilala macho wazi. Povu chini ya jicho lake lilianza kuteremka lenyewe, na Kinyozi akalifuta kwa kidole, akajifanya ni povu tu. Akamnyoa upande wa kulia, akamnyoa wa kushoto, akampangusa kwa taulo la moto, akamwinua mbele ya kioo.

Godoro alijitazama. Alipapasa mashavu. Akakohoa.

"Asante, kaka. Maneno yako yameniingia." Akasimama, akavaa koti, akafika mlangoni, akageuka. Ilionekana wazi kwamba alikuwa amejizuia kwa juhudi zote za mwili wake mpana, na juhudi zimeisha. "Ila kidole gumba cha mguu nilikiona. Kilibaki nje."

Kinyozi alimrushia taulo. Likampata usoni, naye akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akaketi tena, akaanza kueleza.